Choo kimya mchana, usiku maji ya mgao yakija kinavuma. Nibadilishe nini?

Mkaazi wa Fuoni
Assalaam alaykum. Naomba mnisaidie mafundi. Choo cha kukaa, tangi la flashi la plastiki, flashi ya kubonyeza. Mchana kinatumia maji ya tangi la juu la lita 1,000. Usiku maji ya mgao yakija yanaingia moja kwa moja. Mchana hamna sauti. Usiku ukibonyeza flashi linavuma kama honi ya meli mpaka lijae, halafu ukuta unapiga "ko!" mara moja. Tena kila baada ya dakika 40 hivi linajijaza kidogo na hakuna mtu aliyeingia. Nimeambiwa nibadilishe choo kizima. Ndiyo dawa?

Fundi bomba, Chake
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Choo kiache. Hizo ni kasoro tatu mbalimbali, na kila moja ina kifaa chake.

Mvumo unatoka kwenye floti, ile valvu yenye boya. Tangi la juu likiwa mita 3 juu ya choo, msukumo wake ni mdogo. Maji ya mgao yanakuja na nguvu nyingi zaidi, na yakianza kurudi huja na hewa na mchanga. Ndani ya floti mna kiraba cha mviringo kinachofungua na kuziba. Kikichakaa, au kikiingia chembe, maji ya nguvu yanakitikisa upesi upesi na bomba zima linaitika. Kuhakikisha: linapovuma, inua boya kwa mkono. Mvumo ukikata, ni floti.

Funga koki ndogo ya ukutani, bonyeza flashi tangi liishe. Zungusha kifuniko cha floti kidogo kushoto, kitanyanyuka. Toa kiraba ukitizame kwa karibu: kikiwa na mfuo wa duara uliozama, au ukingo umechanika, kimekwisha. Kabla hujarudisha chochote, funika kopo juu ya floti iliyo wazi, ufungue koki kwa sekunde 10. Mchanga wote utatoka na kopo litazuia maji yasiruke dari. Wengi wanaruka hatua hii, wanatia kiraba kipya juu ya mchanga ule ule, na wiki ya pili kinavuma tena.

Kiraba uende nacho mkononi dukani, maana havilingani. Kikikosekana, nunua floti nzima ya nusu inchi. Nati yake ya plastiki kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Penye washa ya mpira usitie tepu. Washa ndiyo inayoziba, na tepu huifanya ikae upande.

Bi Mkubwa wa Mtoni
Nami niongeze: maji ya visima vya maweni yana chokaa. Ukikuta magamba meupe kwenye floti, roweka vile vipande vya plastiki ndani ya siki saa moja, usugue kwa mswaki mkuukuu. Raba usiroweke, ifute tu. Na tafadhalini sana, siki isikutane na jiki, hewa yake ni sumu. Jiki yenyewe usiitie ndani ya tangi, inakula raba.

Hilo la kujijaza: jaza tangi, funga koki, piga mstari wa penseli usawa wa maji, kisha subiri dakika 40. Tia na rangi ya biriani kidogo. Rangi ikitokea bakulini na maji yakashuka, washa ya chini, ile raba inayoziba tundu la kwenda bakulini, haizibi. Yakibaki palepale, floti ndiyo haifungi, na maji ya ziada yanamwagikia bomba la kati, lile lililosimama katikati ya tangi.

Mkaazi wa Fuoni
Ahsanteni. Boya nikiinyanyua mvumo unakata. Maji yameshuka sentimita 2 kwa dakika 40, na rangi imeonekana bakulini.

Fundi bomba, Chake
Basi ni washa ya chini. Tangi lenye urefu wa sentimita 38 na upana wa 16 kwa ndani, sentimita 2 ni kama lita 1.2. Kwa siku ni lita 43, zaidi ya madumu mawili yanakwenda karoni. Zungusha nguzo ya kati robo, itatoka. Washa iko chini yake. Futa na pale inapokalia. Punje ya chokaa ikibaki, hata washa mpya itavuja. Ukimaliza, rekebisha boya maji yasimame sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la kati.

Ile "ko!" ni maji ya mbio yanayokatwa ghafla, bomba linaruka. Punguza koki mpaka kishindo kipungue. Ikianza kupiga mluzi, umeibana kupita kiasi. Bomba la nje ya ukuta litie klipu kila nusu mita.

Kama maji ya mgao yanafika juu yenyewe, yaache yaingie tangi la juu tu, choo kinywe kutoka huko usiku na mchana. Ukibaki na njia mbili, hakikisha kila njia ina valvu ya kuzuia maji yasirudi. Bila ya hiyo, mgao ukikata, maji ya tangi lako yanateremka kwenye bomba la mtaa.