Naombeni ushauri: nitamzuiaje huyu jamaa wa stoo kwenye kadi za saa ya chakula?

BintiGodauni

Hamjambo wakuu, naombeni ushauri wa kweli manake hili jambo linaniumiza kuliko watu wanavyodhani. Nafanya kazi kwenye godauni moja huku Shimanzi, Mombasa, na kila siku tukishakula, kabla ya kengele ya kurudi, tunacheza kadi. Ni ile ya kawaida ya Kenya, wengine huiita poka ingawa haihusiani na ile poka ya kasino, yani ile ambayo ukikaribia kumaliza lazima useme "niko kadi". Tuko wanne, anayebaki wa mwisho ndo hununua chai na mahamri ya saa kumi.

Sheria zetu: kila mtu kadi nne, majoka (joker) mawili yamo. Ukitupiwa 2 waokota mbili, 3 waokota tatu, joka waokota tano. A yazuia adhabu, ama kama hakuna adhabu waomba aina utakayo, kopa, shupaza, uru ama maua. J yamruka mtu, K yageuza mzunguko. Q na 8 ni maswali, ukitupa lazima ulijibu mwenyewe hapo hapo kwa kadi nyingine inayolingana nalo na ukikosa jibu waokota moja. Kumaliza ni kwa kadi za kawaida tu, 4, 5, 6, 7, 9 na 10, na uwe ushasema niko kadi zamu iliyotangulia. Kadi zenye namba sawa waweza kuzitupa pamoja.

Sasa kuna jamaa wa stoo anakaa baada yangu, mimi nikitupa yeye ndo anafuata, na kila akisema niko kadi wenzangu wote wanageuka kuniangalia mimi nimzuie na mkononi sina kitu. Mimi napenda kuanza kwa kushambulia, nikipata 2 ama joka namlisha mapema, anaokota, halafu baadaye sijui anatokaje na kadi zote hizo ananipita tena. Nataka kujifunza mchezo wenyewe, sio bahati. Anayejua vizuri anisaidie tafadhali.

Mzee_wa_Kona

Dada, adhabu ni ya kumzuia mtu anayetoka, sio ya kumsalimia mtu aliyekaa na kadi nne. Anza hapo.

FundiKadi

Pole dada, na hongera kwa kuandika sheria zenu zote maana watu huuliza ushauri wa kadi bila kusema wanachezaje na kila ofisi ina zake.

Hebu tuhesabu kwanza. Pakiti na majoka ni kadi 54. Za adhabu ni 10, yani 2 nne, 3 nne na majoka mawili. Maswali ni 8. J nne, K nne, A nne. Jumlisha unapata 30. Zinazobaki 24 ndizo za kawaida, na hizo 24 ndizo pekee zinazokutoa mchezoni. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya pakiti haiwezi kukumalizia, na watu wengi hawalifikirii hili, wanaiona 5 ya kopa wanaidharau wanaitupa ya kwanza kwa sababu "haina kazi" halafu wanabaki na A na K na 2 mkononi, kadi nzuri kabisa za kuangalia ila hutoki nazo hata ukikaa hapo mpaka usiku.

Mimi nikigawiwa kadi swali la kwanza najiuliza nitatoka na nini. Sio nitatupa nini sasa. Natafuta njia ya kutoka ndani ya zile nne na hiyo siigusi, naitunza, nyingine zote ndio nachezea. Na njia ya kutoka ikiwa ya kadi mbili ni bora kuliko moja, nieleze kwa nini. Tuseme umebaki na 6 ya kopa peke yake. Ili utoke juu ya meza lazima kuwe na kopa ama 6 nyingine, hizo ni kopa 12 na sita tatu, jumla kadi 15. Sasa tuseme umebaki na 6 ya kopa na 6 ya shupaza, unazitupa pamoja. Hapo unatokea kwenye kopa 12, kwenye shupaza 12, na sita mbili zilizobaki, jumla 26. Umekaribia kuongeza nafasi mara mbili na watu wanakuona una kadi mbili wanadhani bado uko mbali!

Njia nyingine ni swali na jibu lake. 8 ya uru na 7 ya uru ni kadi mbili lakini ni pigo moja. Na swali linajibiwa na swali, kwa hiyo mtu mwenye Q ya maua, Q ya uru, 8 ya uru na 4 ya uru anaweza kuzimaliza zote nne kwa zamu moja, Q mbili pamoja, 8 juu yake, 4 inafunga. Ndio maana huyo jamaa wako unamlisha kadi na bado anakupita. Ukimwokotesha tatu mapema unampa malighafi. Ana kadi saba, ndani yake maswali mawili matatu, anazishusha kwa mpigo.

Bara_Boy

Sisi huku Tanzania ni lasti kadi, inafanana ila mambo mengine tofauti kabisa, na hata mtaa na mtaa watu hawakubaliani. Ushauri wangu mimi kabla ya mbinu zozote kaeni chini mkubaliane haya: mtu akitupiwa 2 na yeye ana 2, adhabu inajumlishwa anayefuata anaokota nne au inahamishwa tu anaokota mbili? A ikizuia adhabu, je unaomba na aina au inazuia tu? Joka inapandwa juu ya chochote au rangi kwa rangi? Maana kama adhabu inajumlishwa basi 2 yako ya ulinzi thamani yake inapanda sana, na kama haijumlishwi ni afadhali A. Nimeona watu wazima wamenuniana wiki nzima kazini kwa sababu ya hiyo ya kujumlisha tu.

Mwanapwani78

Mwenzangu wa Bara kasema kweli. Mimi nataka niongeze jambo la macho. Dada, kila jirani yako anapookota, angalia meza ilikuwa na nini. Kama juu ilikuwa kopa na akaokota, basi wakati ule hakuwa na kopa wala hiyo namba wala A ya kujinusuru nayo, na wala joka kama kwenu lapandwa juu ya chochote. Hiyo ni habari ya bure na wengi wanaiacha ipite kwa sababu wanaangalia kadi zao wenyewe tu. Iweke kichwani, ameokota kwenye kopa. Kadi moja aliyookota yaweza kuwa kopa ndiyo, lakini mara nyingi siyo. Siku akisema niko kadi wewe ndo wajua pa kumpeleka.

Kumbuka pia rundo likiisha, zilizotupwa zinachanganywa upya inabaki ya juu tu, kwa hivyo A ulizohesabu kwamba zishatoka zinarudi mchezoni. Hapo anza kuhesabu upya.

BintiGodauni

Asanteni sana wote, nimesoma hii ya 15 na 26 mara kadhaa na nimeielewa. Tunahamisha tu, hatujumlishi, na A ikizuia haiombi.

Sasa niulize kitu cha hakika. Jumanne nilikuwa na A ya shupaza, 2 ya kopa, 8 ya uru na 7 ya uru. Juu kuna 9 ya uru. Jamaa kasema niko kadi, ana kadi moja, na zamu ni yangu. Na nakumbuka mzunguko uliotangulia aliokota meza ikiwa na kopa, kisha zamu hii ndo akatupa moja akasema. Mimi nilishusha 8 na 7 ya uru zote mbili nikaona nimepunguza kadi, naye akaweka 5 ya uru akatoka. Ningefanya nini? 2 ya kopa haikuwa inapanda juu ya uru.

FundiKadi

Dada, mkono huo ulikuwa mzuri sana. Angalia.

8 na 7 ya uru ndiyo njia yako ya kutoka, hiyo hukupaswa kuigusa, ukishazitupa unabaki na A na 2 na hutoki kwa yoyote kati ya hizo. Uru pia unamwachia meza ile ile aliyokuwa anaisubiri pengine.

Ilikuwa utupe A, uombe kopa. Kwa nini kopa? Kwanza kwa sababu uliona ameokota kwenye kopa, Mwanapwani kaeleza vizuri hapo juu. Pili, na hii ndio tamu yenyewe, wewe una 2 ya kopa. Ukiomba kopa jamaa anakosa, anaokota. Wale wengine wawili wana kadi za kopa wanatupa kopa, mzunguko unarudi kwako meza ikiwa kopa, unamshindilia 2 ya kopa na papo hapo unasema niko kadi, kwa maana umebaki na 8 na 7 ya uru, pigo moja. Yeye alikuwa na moja sasa ana nne, na wewe ndiye uliye mlangoni.

Bila shaka mmoja wa wale wawili anaweza kubadilisha aina ama kugeuza na K. Hata hivyo umemzuia aliyekuwa anatoka na njia yako bado iko mkononi. Omba aina ambayo jirani hana na wewe una adhabu yake. Ukipata nafasi ya namna hiyo usiiache.

Kisauni_Finest

Mimi napingana kidogo na FundiKadi kwenye kutoshambulia mapema. Mkiwa wanne sawa, tunza. Lakini wawili wakishatoka mkabaki wawili mambo yanageuka, J unamruka yeye zamu inarudi kwako, K vile vile, kwa hiyo ukiwa na J mbili na K moja unacheza peke yako tu mpaka uzimalize. Na kwenu anayeumia ni wa mwisho, sio lazima uwe wa kwanza! Dada unatafuta kumshinda huyo jamaa na chai inalipwa na wa mwisho, hizo ni hesabu mbili tofauti. Mimi ningetunza J na K kwa ajili ya ile ngwe ya wawili.

FundiKadi

Hapo kwenye wawili nakubali, umesema kweli, na sikuwa nimefikiria hiyo ya wa mwisho. J na K nilikuwa nazitoa mapema sana.

Ustadh_Jirani

Dada yangu, nisome kwa moyo mweupe. Mchezo wa kupumzisha akili na wenzako kazini sina neno nao, ila hiyo ya aliyeshindwa kuwalipia wengine mimi naiona inaingia kwenye kamari hata kama ni mahamri ya shilingi kumi. Kwa nini msichange kila mtu chake, chai ikanunuliwa, mkacheza roho safi? Anayeshindwa kila siku huenda hana nauli ya kurudi na hasemi.

BintiGodauni

Ustadh nakushukuru, wala sijakasirika. Kuna mmoja wetu ni kibarua wa kutwa na kweli nimemuona mara mbili hizi akisema hana njaa ili asicheze. Nitalileta kesho kwamba tuchange, nami nitaanza.

Mbinu nimezichukua, ila swali langu la mwisho, naomba anijibu yeyote. Nikiwa na njia yangu tayari, niseme niko kadi saa ngapi? Manake nikisema tu jamaa anayekaa kabla yangu, yule dereva, ananitia joka.

Mzee_wa_Kona

Mwangalie dereva, sio kadi zako. Yeye ndiye wa mwisho kutupa kabla ya zamu yako kurudi, kwa hiyo adhabu inayokufikia wewe ni yake, ya wengine inaishia kwa wengine. Subiri mpaka umeona ametoa adhabu kwa lazima au ameokoteshwa na hakujibu, maana mtu mwenye 2 haokoti 2 bila kujibu. Hapo sema. Mzunguko ukigeuzwa na K anayekutangulia ni jamaa wa stoo, basi mwangalie yeye. Na ukiwa na A ya akiba pamoja na kadi zako za kutoka, kaa nayo zamu moja zaidi, itupe zamu ile unayosema, omba aina yako. Wakijua ni aina yako watajitahidi kubadilisha, sasa kama una jozi ya 6 ya kopa na shupaza omba kopa, wakikimbilia shupaza unatoka nayo pia.