Mume wangu ana miaka 72 na mguu mzito: ataweza kupanda hadi kwenye michoro ya Kolo?

Bibi Maua, Tanga

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kwa aliyewahi kufika Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani.

Mume wangu alianza kazi ya ualimu huko Kondoa mwaka 1977. Alikaa miaka miwili, na wenyeji walikuwa wakimsimulia habari za majabali yenye watu wekundu, warefu, wembamba. Hakuwahi kupanda kuwaona. Akahamishiwa Muheza, tukaoana, watoto wakaja, ada zikaja, mpaka akastaafu 2013.

Mwaka juzi alipata kiharusi chepesi, upande wa kulia ukawa mzito. Mtaalamu wa mazoezi akamwambia ashike kitu cha kumzoeza vidole, naye akachagua brashi. Sasa baraza yetu imejaa vipande vya hardbodi na makopo ya rangi ya mafuta. Mjukuu wetu wa darasa la tano akitoka shule anavua viatu tu, hata uniformu habadilishi, anakaa pembeni ya babu yake. Babu akichora twiga, mjukuu anamwambia, "Shingo hiyo fupi, babu," na mzee anaifuta kweli.

Nataka niwapeleke wote wawili mwezi wa sita, shule zikifungwa. Watoto wetu wanapinga. Mkubwa anasema hela hiyo iwekwe kwa ajili ya matibabu. Nimemsikia, lakini baba yake amesubiri tangu kabla yeye hajazaliwa. Ninachoogopa ni kimoja: nimfikishe chini ya kilima, halafu abaki kwenye gari akisubiri sisi tumsimulie.

Mrangi wa Bereko

Shikamoo mama, na pole kwa kumuuguza mwalimu wetu.

Zamani safari ilikuwa ngumu kwa vumbi na mashimo, siku hizi ni lami kutoka Dodoma mpaka Babati. Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, barabarani kabisa. Mnaanzia ofisi ya michoro pale kijijini, mnalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Msiende peke yenu. Kutoka pale kwenda Mungumi wa Kolo, kile kilima chenye michoro, ni njia mbaya, inataka gari la juu, na mwisho wake ni kupanda kwa miguu kwenye mawe. Sitakudanganya, ni mwinuko.

Lakini michoro haiko kilima kimoja tu. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina vivuli vya miamba, yaani majabali yaliyoinama kama paa, zaidi ya 150. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mna mzee mwenye mguu mzito, awaanzishie palipo rahisi kufika. Mzee akiona moyo na mguu vinakubali, mnakwenda Mungumi kesho yake.

Jambo moja nakuomba umwambie mjukuu: asiguse mwamba, na asikubali mtu amwagie michoro maji ili ing'ae. Rangi zinakufa hivyo. Halafu Mungumi bado ni mahali pa matambiko kwa wazee wetu. Mwongozaji akisema subirini, subirini.

Nesi mstaafu, Morogoro

Dada, mimi nazungumzia mguu. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, hasa kwa aliyepata kiharusi, kwa hiyo mtu mmoja mwenye nguvu atangulie mbele yake wakati wa kushuka. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiwekwe kwenye buti la basi. Kutoka Tanga hadi Dodoma asikae kitako mfululizo. Kila gari likisimama, ateremke atembee. Kama mnaweza kupitia Dar, treni ya SGR mpaka Dodoma itamfaa zaidi, maana anaweza kusimama na kujinyoosha njiani. Na kabla ya yote akamwone daktari wake, amweleze wazi kwamba anakwenda kupanda mlima.

Fundi Rangi, Dar

Mama, mkipitia Dar msiache kufika Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikuwa akichora kwenye hardbodi kwa rangi za kupakia baiskeli, vitu vilevile vilivyoko barazani kwenu. Alifariki 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo utawakuta wanachora. Mwalimu akae nao nusu saa aone brashi inavyoshikwa. Hapo hakuna ngazi wala mlima.

Bibi Maua, Tanga

Nimewasomea majibu yote baada ya Isha. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema Oysterbay tupite wakati wa kurudi, maana kwanza anataka aone wale watu wekundu kwa macho yake.

Daktari tumepangiwa Jumatatu. Binti yetu wa pili amekubali kuja, ndiye atakayetangulia wakati wa kushuka. Kaka yake bado hajasema neno.

Mjukuu amekata fimbo ya mpera, akaipima kwa kumsimamisha babu yake ukutani. Jana ameanza kuipaka rangi nyekundu. Nimemwambia aache pale pa kushikia, pasije pakateleza.