Mtoto wa miezi minne kichwa kinazidi kukua, tumeambiwa atawekewa mpira. Waliopitia naomba mwongozo

BabaNuru_Kahama

Wakuu habari za usiku. Mimi ni mgeni kwenye jukwaa hili, mnivumilie kwa urefu.

Nina binti, ndiye mtoto wetu wa kwanza, ana miezi minne. Alizaliwa salama, kilo 3.1, akalia vizuri, hakuna aliyeona tatizo. Wiki ya pili kitovu kikaanza kutoa usaha, akapata homa kali na degedege. Tukalazwa, akachomwa sindano za masaa, akapata nafuu tukarudi nyumbani. Baada ya hapo mke wangu akaanza kulalamika kwamba kofia za mtoto hazimwingii. Kituo cha afya tulichokwenda wakasema kuna watoto wana vichwa vikubwa vya ukoo, kitakaa sawa chenyewe. Futi hawakushika.

Wiki hii tumefika hospitali kubwa. Daktari kamzungushia futi kichwani, sentimita 47. Utosi umejaa na umekaza, mishipa ya kichwani inaonekana hadi kwenye paji, na macho yanatazama chini muda wote, weupe unabaki juu. Wakampiga ultrasound kupitia utosini, wakasema maji yamejaa ndani ya ubongo. Wametuandikia barua ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa mabingwa wa ubongo na mgongo, na wametudokezea kwamba huenda akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani hadi tumboni.

Sasa hapa ndipo nimekwama. Mtoto mdogo hivi anastahimili kupasuliwa kichwa? Mpira wenyewe unakaa mwaka au maisha? Kuna jamaa kaniambia siku hizi wanatoboa tundu kwa kamera bila kuweka kitu chochote, nikawaza labda nitafute kwanza wapi wanafanya hiyo. Na mama mkwe anasema mtu akishafunguliwa kichwa hana akili tena, anataka tumpeleke Bukombe kwa mzee mmoja anayechanja chale. Mke wangu yuko katikati, analia tu, hali chakula. Fedha sijui tuandae kiasi gani.

Aliyepitia anisaidie. Matusi naomba mniwekee akiba.

Mchumia_Juani

Pole mkuu. Kichwa maji mara nyingi kina mkono wa mtu. Kuna mafuta fulani hivi, unampaka utosini jioni, njoo inbox.

MamaKulwaNaDoto

Mchumia, inbox yako ikae hivyo hivyo. Mtoto wa watu utosi umejaa wewe unauza mafuta.

Baba Nuru, pole sana mdogo wangu, na mpe pole mama. Mimi niko Mwanza, nina mapacha. Kulwa alitoka mzima, Doto akatoka na mgongo wazi, kile kivimbe chini ya kiuno. Mgongo waliufunga akiwa mchanga, halafu kichwa kikaanza kukua, ndipo akawekewa mpira. Leo wote wawili wako darasa la pili, dawati moja. Doto anatembea na vyuma vya miguuni. Hesabu zinamtesa, sitakuficha, ila kusoma anamwacha kaka yake mbali, na kwa kuongea mwalimu ameshaniita shuleni. Hayo mpelekee mama mkwe kwa upole.

Halafu mweleze kinachoharibu akili ni yale maji yanavyoukandamiza ubongo kila siku mnayokaa nyumbani mkijadiliana. Wodini niliwaona watoto walioletwa wakiwa wameshapoteza kuona. Wazazi wao walikuwa na huyo huyo mzee wa chale, majina tofauti tu ya vijiji.

Uliuliza kama mtoto anastahimili. Mimi swali hilo nilimuuliza daktari bingwa mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, maana nilikuwa nimeshafokewa sehemu nyingi kabla ya kufika pale. Yule baba akavuta kigoda akakaa, akawa chini kuliko mimi niliyekuwa kitandani, akaniuliza, "Mama Kulwa, unaogopa nini zaidi?" Nikamwambia naogopa kisu kugusa ubongo. Akachana kifuniko cha boksi la glavu, akanichorea kichwa, vyumba vya maji ndani yake, na njia iliyoziba. Akaonyesha wanapochana ngozi nyuma ya sikio na kidogo tumboni, na kwamba mpira unapita chini ya ngozi, shingoni, kifuani, hadi tumboni, maji yakifika huko mwili unayanyonya. Kile kipande cha boksi ninacho mpaka leo kwenye bahasha ya vyeti vyao.

Baada ya upasuaji bandeji zilipopungua, akashika kidole changu akakiweka nyuma ya sikio la Doto. Chini ya ngozi kuna kitu kidogo kama punje ya haragwe. Akasema hiyo ndiyo vali, inaruhusu maji kutoka yakizidi. Sikubonyeza, niligusa tu, na akaniambia kuibonyeza-bonyeza si kazi yangu. Tangu hapo woga wangu ulipungua nusu.

Mpira unakaa maisha. Huwa wanaacha urefu wa ziada tumboni ili mtoto akikua usivutike. Na kichwa, baba Nuru, msitegemee kitasinyaa kesho yake. Kinaacha kukimbia, mwili unakifuata polepole.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: mpira unaweza kuziba au kuingia maambukizi, na wewe na mama yake ndio mtakaojua mapema kuliko yeyote. Kutapika bila sababu, kulia kusikotulia, kusinzia hata ukimwita, utosi kurudi kujaa, macho kurudi kutazama chini. Homa, au wekundu kufuata njia ya mpira, hiyo ni maambukizi. Wa Doto uliziba akiwa na miaka mitatu. Alianza kutapika asubuhi, zahanati moja wakataka kumwanzishia dawa ya malaria wakati kipimo kimesoma hana. Nikawawekea barua yake ya upasuaji mezani, nikasema huyu ana mpira kichwani, niandikieni rufaa. Usiku ule ule alikuwa thieta. Ndiyo maana nakusisitizia, barua ya upasuaji itoe kopi, moja ikae kwenye begi la mtoto, moja kwenye simu kwa picha.

Sista_WodiYaWatoto

Baba Nuru, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya upasuaji wa ubongo na mgongo. Mama Kulwa amesema mengi, naongeza ya upande wetu.

Maji haya kila mtu anayo. Yanatengenezwa ndani ya vyumba vya ubongo, kwa mtu mzima karibu nusu lita kwa siku, yanazunguka ubongo na uti wa mgongo kisha yanarudi kwenye damu. Njia ikiziba, utengenezaji hausimami, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa kinatanuka. Kwa maelezo yako ya kitovu, homa na degedege, ningeshangaa kama chanzo ni kingine zaidi ya maambukizi yaliyofika kwenye ubongo na kuacha makovu. Majirani zetu Uganda walipochunguza watoto wao waliona hivyo hivyo: wengi wa wenye kichwa maji walikuwa na historia ya maambukizi siku za mwanzo za maisha. Mkono wa mtu haumo. Na mke wako asibebeshwe lawama, wala asijibebeshe.

Hiyo ya kamera ni kweli ipo, na imekomaa hapa hapa Afrika Mashariki. Dk. Benjamin Warf, Mmarekani, aliiendeleza Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, kuanzia mwaka 2001. Wanapitisha kamera nyembamba, endoskopi, hadi ndani ya vyumba vya ubongo, wanatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, na wanachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Faida yake kwetu ni kubwa, maana mtoto anayeishi mbali na hospitali habaki na kifaa kinachoweza kuziba usiku.

Lakini usije ukakaa nyumbani unaitafuta. Hapo hapo Mbale walifanya utafiti kwa watoto 100 walio chini ya miezi sita, wenye kichwa maji cha baada ya maambukizi, hali ile ile ya binti yako. Wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu kamera, nusu mpira. Matokeo yalitoka 2017: baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili hayakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi. Na tundu nalo huziba, hasa miezi sita ya mwanzo, kwa hiyo aliyetobolewa pia anafuatiliwa kliniki. Ipi inamfaa Nuru, bingwa ataamua akishaona picha ya CT-Scan. Muulize, ni haki yako: "Kwa nini hii na si ile?" Bingwa mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Jambo moja msishtuke nalo. Wanaweza kuchukua maji kidogo kuyapima kwanza. Kama bado kuna wadudu, hawataweka mpira mpaka dawa ziyasafishe, kwa sababu mpira ukiwekwa kwenye maji machafu unaambukizwa. Wazazi wengi hapo hufikiri wametelekezwa, wengine hutoroka na mtoto. Subirini.

Gharama: sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure hospitali za umma, ila ukweli tunaujua, kuna vipimo na vifaa utaambiwa ulipie. Siku ya kwanza, kabla deni halijakua, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, jieleze. Wapo kwa kazi hiyo, na wao ndio wanaojua ni mfadhili gani yupo mwezi huo. Barua ya rufaa na kadi ya kliniki viwe mkononi.

Wanjiku_wa_Naivasha

Poleni sana kutoka Kenya. Wetu alitibiwa hospitali ya Kijabe, sasa ana miaka mitano. Kile kilitusaidia zaidi ni wazazi tuliokutana nao wodini, bado tuko na grupu ya WhatsApp. Mwambie mama wa mtoto asimbebe mgongoni kwa sasa, shingo haiwezi kushikilia kichwa hicho. Ambebe mbele, mkono mmoja chini ya kichwa. Na akilala mgeuze upande kila baada ya masaa machache, kichwa kizito kinaleta vidonda upesi, na ngozi ikiwa na kidonda madaktari wanaweza kuahirisha upasuaji. Mama naye ale. Asipokula maziwa yatapungua.

MamaKulwaNaDoto

Wanjiku ubarikiwe, hilo la vidonda nilikuwa nimelisahau.

Kwa dada zangu mnaosoma kimyakimya: Nuru ni mambo ya maambukizi, ila la Doto lilianzia tumboni. Mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo za mimba, wakati wengi wetu hata hatujajua kwamba siku zimepita. Ndiyo maana foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, inaanza kabla ya kushika mimba. Ukiianza kliniki na mimba ya miezi minne, kwa mgongo umeshachelewa. Aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi anaandikiwa dozi kubwa zaidi, aende kwa daktari asijinunulie. Serikali iliweka kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga viwandani tangu 2011, lakini sembe la mashine ya mtaani kwetu linatoka kama lilivyoingia.

BabaNuru_Kahama

Nimesoma yote, nimemsomea mke wangu kwa sauti, la kwamba hana lawama kaniomba nilirudie. Mama mkwe bado hajakubali, amenuna, lakini hatumsubiri. Baba yangu kauza ng'ombe mmoja, tunaondoka alfajiri na basi la kwanza. Sista, swali la mwisho: wakimpangia upasuaji, anyonye mpaka lini? Tumesikia mtoto anafungishwa usiku kucha.

Sista_WodiYaWatoto

Usiku kucha hapana, ni mdogo sana. Kwa kawaida maziwa ya mama yanasimama masaa manne kabla ya usingizi, maziwa mengine yanasimama mapema zaidi. Wodini watawapa saa kamili, ifuateni hiyo. Zamu yake ya upasuaji ikicheleweshwa, mwambieni nesi wa zamu mara moja ili ajue kama anaweza kunyonya tena. Msikae kimya kwa adabu. Na akianza degedege njiani au akawa haamki kunyonya, msisubiri kufika Mwanza, shukeni hospitali yoyote kubwa mliyo karibu nayo.

MamaKulwaNaDoto

Mkifika stendi ya Nyegezi msipande bodaboda na mtoto huyo, chukueni bajaji, mwambieni dereva aende taratibu kwenye matuta. Bebeni kanga za kutosha, beseni, chupa ya chai na chaja. Nakutumia namba yangu inbox. Jumatano nina kliniki ya Doto pale pale, nitapita wodini nije na uji, na Doto mwenyewe atamwonyesha mama Nuru ilipo vali yake. Anapenda sana kuionyesha, mpaka ananitia aibu kwenye daladala.