Tupeane uzoefu: msanifu majengo, ada yako unaipangaje?

Ndugu wasanifu wenzangu, nimeona tuulizane jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja hadharani: mteja anapokaa mbele yako na kuuliza "ramani yangu itanigharimu kiasi gani?", jibu unalipata kwa hesabu ipi? Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016 nilikubaliana kwa simu na bwana mmoja wa Kigamboni kumsanifia nyumba ya ghorofa moja kwa shilingi milioni 2.5, kila kitu humo humo, pamoja na malipo ya mhandisi wa miundo aliyechukua laki sita. Ngazi peke yake ilihama mara tatu. Mwanzo ilikuwa sebuleni. Mama mwenye nyumba akasema wageni wasiione, nikaipeleka ukumbini. Shemeji aliyekuja likizo akashauri isogezwe karibu na jiko. Na mwisho wa yote ikarudi sebuleni, futi mbili tu kutoka nilipoichora siku ya kwanza, na kila ilipohama ilibidi mhandisi apange upya nguzo na boriti, nami nichore upya sakafu zote mbili. Saa zangu nilikuwa naziandika kwenye daftari, zikafika 214. Gawanya milioni 1.9 iliyobaki kwa saa hizo: haifiki shilingi 9,000 kwa saa, na hapo pango la ofisi na umeme havijatolewa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba fundi wa vigae wa nyumba hiyo hiyo alipoambiwa abomoe sakafu ya baraza aitandike upya, alipima mita zake na akalipwa mara ya pili bila mtu kunung'unika.

Msanifu, Nairobi

Huku kwetu tumezoea asilimia ya gharama ya ujenzi, na kanuni zilizo chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya, ile inayosimamia wasanifu majengo, zinataja viwango hivyo, kwa hiyo mteja mkubwa hashangai ukimtajia. Tatizo ni asilimia ya gharama ipi. Katika mkataba wangu wa kwanza niliandika asilimia 6 ya "gharama ya jengo", basi. Nilipokesha nikitafuta namna ya kurahisisha paa na kumwokolea mteja shilingi milioni moja na nusu, nilikuwa nimejikata mwenyewe shilingi 90,000 kwa kufanya kazi vizuri zaidi. Siku hizi asilimia inasimama juu ya makadirio ya mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu ya gharama za ujenzi, yaliyokubaliwa mwishoni mwa usanifu wa awali, na hapo inafungwa: gharama ikishuka ada haishuki, na ikipanda kwa sababu ya bei ya nondo sidai nyongeza. Ukubwa wa jengo ukiongezeka, hilo tunalizungumza upya.

Mtanzania, Stuttgart

Ninafanya kazi katika ofisi ya wasanifu hapa Ujerumani, ambako kanuni ya ada iitwayo HOAI ilikuwa ikilazimisha kima cha chini na cha juu mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua, Julai 2019, kwamba ulazima huo unapingana na sheria za Umoja. Tangu mwaka 2021 viwango vyake ni vya kuelekeza tu na pande mbili zina hiari ya kukubaliana. Lakini si kima nilichotaka kuwaambia, bali mgawanyo. Kwa majengo, kazi imegawanywa katika hatua tisa, na hatua nne za mwanzo, hadi maombi ya kibali cha ujenzi, zinabeba asilimia 2, 7, 15 na 3 ya ada, yaani 27 kwa jumla. Michoro ya kina ya utekelezaji ina asilimia 25, na usimamizi wa ujenzi una asilimia 32. Nyumbani mteja huona kibali kikitoka akadhani kazi imekwisha, nasi tumempa bei moja inayomthibitishia fikra hiyo. Kaka yangu mmoja huko Mwanza amechukua mgawanyo unaofanana na huo, na mteja wake alipoishiwa fedha baada ya kibali hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alijua palipofikiwa na deni ni kiasi gani.

Msanifu, Unguja

Kwa nyumba kongwe za Mji Mkongwe asilimia haifai kabisa. Niliwahi kuichukua kazi ya nyumba moja ya Shangani kwa asilimia ya gharama ya ukarabati, na gharama yenyewe ilikuwa ndogo, ila kuta za mawe na chokaa hazikuwa na pembe mraba hata moja: chumba kina upana mmoja mlangoni na mwingine dirishani, na boriti za dari lazima uzigonge moja moja ujue ipi imeliwa na mchwa. Siku tisa za kupima, kabla sijachora mstari. Sasa upimaji nautoza kwa siku, unalipwa kabla ya usanifu, na michoro ya hali iliyopo ni ya mwenye nyumba hata asiponirudia.

Mwenye nyumba, Dodoma

Mimi si msanifu. Nilinunua ramani iliyokwisha kuchorwa kwa laki nne. Ilichorwa kwa kiwanja cha tambarare. Changu kina mteremko. Tofauti niliilipa kwenye mawe ya msingi.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Kwangu mimi sasa ni kulipwa kwa hatua, na kianzio kabla sijaanza kazi, na kampuni inayokata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile inayozuiwa na mlipaji kutoka kwenye ada yangu, naidai cheti chake pale pale, maana bila cheti sina cha kuonyesha wakati wa hesabu za kodi. Halafu kuna mstari mmoja niliouandika kwa sababu ya yale ya yule bwana wa Kigamboni: marekebisho mawili kwa kila hatua yamo ndani ya ada, na kuanzia la tatu ni shilingi 180,000 kila moja. Mwezi uliopita mama mmoja alinipigia akitaka ngazi ihamie upande wa pili, mara ya tatu. Nikamwomba asome ukurasa wa pili wa mkataba. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi mwanangu, iache hapo hapo."