Rotax ya hosipawa 100 itavuta glaida hapa Njoro ama tunajidanganya?

ShambaLaNgano:
Wadau habari zenu. Tuko watu wanne hapa Njoro, hii story ya glaida, ndege isiyo na injini, tumeizungusha tangu mwaka jana na sasa kuna mzee anataka kutuachia ndege yake ya viti viwili, Rotax 912 ya hosipawa 100, iko hata na ndoano ya kuvutia kwa mkia. Glaida tunayoiangalia ni K-21, ile ya mwalimu na mwanafunzi. Kiwanja ni cha shamba, murram mita 900, mbele kuna mikaratusi. Nimeona video za Uingereza EuroFox yenye injini hiyo hiyo inavuta glaida kama mchezo na petroli inaonja tu, sasa kwani nitafute Pawnee, ile ndege kuukuu ya kuvuta, ya hosipawa 235 inayokunywa kama lori ya nini? Nimekosea wapi?

SpanaMkononi:
Umekosea kwa hewa boss. Hao wa video wengi wako futi mia chache tu juu ya bahari na kuna baridi. Nyinyi hapo Njoro mko kama futi 7,000 kabla hata hujawasha injini, na saa saba mchana joto likifika 24 injini inaona ni kama iko futi 10,000 hivi. 912 haina tabo, kwa hivyo zile 100 za kwa karatasi zinabaki kama 70. Alafu kuna hii watu husahau: geji ikisoma kilomita 110 kwa saa, kwa ukweli ndege inakata karibu 128, so unahitaji murram ndefu zaidi wakati ndio nguvu imepungua.

Sisemi Rotax ni mbaya, hapana, ile gia yake inafanya propela kubwa izunguke polepole na inashika hewa vizuri, ndio maana inashinda injini za zamani za nguvu sawa. Lakini K-21 ikijaa ni kilo 600, hata hiyo ndege yenu ikiwa na rubani peke yake haifiki hapo! Ni boda ya 100cc imebeba gunia tatu inapanda Timboroa.

KambaMita50:
Niliwahi kusukuma glaida kwa klabu moja Uingereza wikendi, kazi ya kushika bawa na kufunga kamba. Siku moja mwanafunzi akasahau kufunga breki za mabawa. Kamba ikakaza, wakatoka chini vizuri, alafu kupanda hakuna, wanaambaa juu ya ua kama kuku amefukuzwa. Rubani wa mbele akachezesha usukani wa mkia kushoto kulia, hiyo maana yake "angalia breki zako", si kutikisa mabawa, mabawa ni "achia kamba sasa hivi". Kijana akaelewa, akafunga, wakapanda. Ndege ya nguvu kidogo haina akiba ya kosa kama hilo, na kule hakukuwa na mikaratusi.

Ingine, glaida ikipanda juu sana nyuma yako inainua mkia wako na wewe unaangalia chini, na ndege nyepesi inainuliwa haraka. Mjaribu ile ndoano chini kwanza kamba ikiwa imevutwa kabisa, ione kama inaachia. Na kiungo dhaifu cha kamba, kile cha kukatika kwanza mvuto ukizidi, kiwe cha kiwango kitabu cha ndege kinasema, si waya wa fensi.

mtuwaDunga:
Shukeni Kisumu bana, huku ni mita 1,150 tu, injini itapumua 😂 shida ni upepo wa ziwa, ukiingia mchana ile hewa ya moto ya kupandia karibu na maji inakufa, na jioni ni radi. Kwani winchi mmekataa? Injini ya lori kuukuu na kamba ndefu, glaida inafika kama theluthi ya urefu wa kamba, hapo kwenu mita 300 hivi.

SpanaMkononi:
Winchi ni sawa. Kama lazima ndege, tafuteni 914, ni 115 na tabo yake inashikilia nguvu huko juu. Ama hiyo 912 ivute glaida ya mtu mmoja kama Ka 8, kilo 310, asubuhi mapema kukiwa baridi. Lakini kwanza fungua kitabu chake uone imeruhusiwa kuvuta kilo ngapi, ndoano kuwa kwa mkia si ruhusa, KCAA, wale wa usalama wa ndege Kenya, watauliza hiyo kabla ya kitu kingine.

ShambaLaNgano:
Kitabu nimefungua usiku huu, K-21 imetoka, sitasema imetoka kwa kilo ngapi mnicheke. Jumamosi saa saba tunapaa na mzee bila glaida, watu wawili na tangi imejaa, tupime inachukua dakika ngapi kufika futi 1,000 juu ya kiwanja. Nitaleta namba. Mikaratusi haikatwi, mwenye shamba amesema ni ya mamake.