Siku moja katika mji wa mafundi: ufinyanzi, ufumaji au uhunzi?

Asali_Mbichi: Wakuu, habari zenu. Nina siku moja tu, asubuhi hadi jioni, katika mji mdogo wa mafundi. Kuna wafinyanzi, wafumaji na wahunzi, karakana zote zimekaribiana. Nizunguke kote au nitulie kwa fundi mmoja? Napenda nishike kazi mwenyewe, sio kutazama tu.

Mkono_wa_Udongo: Ufinyanzi, bila kusita. Hakuna kazi inayompokea mgeni upesi kama udongo, na ukikosea unaukanda upya, hakuna hasara. Ila chungu chako hutaondoka nacho siku hiyo. Lazima kikauke kwanza, mara nyingi wiki nzima au zaidi, maana maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke kwenye joko, yaani tanuri la kuchomea vyungu, kinapasuka. Kisha kinachomwa, vyungu vya kawaida karibu nyuzi 1000 za Selsiasi, na kuachwa kipoe taratibu. Kwa hiyo ukiwapigia, uliza: joko linafunguliwa lini? Ukiipata siku hiyo, mengine yote weka kando.

Nili: Mwenzangu kasema kweli, lakini mimi ningekupeleka kwa wafumaji wanaotia rangi ya nili. Uzi unatoka kwenye pipa ukiwa wa kijani-manjano, halafu hewa inaugusa na unageuka bluu hapo hapo ukiutazama. Nimeona mara nyingi na bado hunyamaza. Kufuma kwenyewe usitegemee makubwa. Kazi nzito ni kutanda mtande, yaani nyuzi za urefu, inaweza kula siku nzima kabla mshindio, uzi wa kukatiza, haujapita hata mara moja. Mgeni hupewa kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kilichokwisha kutandwa, anapitisha uzi kidogo, basi.

Fuawe: Kwa mhunzi usiende kushika nyundo siku ya kwanza, nenda kutazama. Karakana yake ina giza kwa makusudi: anapima joto kwa rangi ya chuma, nyekundu, chungwa, manjano, na jua likiingia rangi hizo hazionekani vizuri. Mwombe akuonyeshe sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi hakivutwi tena, na wahunzi wengi hutumia alama hiyo kabla ya kuzamisha kisu kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Vaa viatu vya kufunika na nguo za pamba, nailoni cheche ikiipata inayeyukia mwilini.

Asali_Mbichi: Hiyo ya sumaku sikuijua kabisa! Sasa mmoja au wote?

Mkono_wa_Udongo: Mmoja, dada. Ukikaa nusu saa kila mahali utaona bidhaa, kazi hutaiona.

Nili: Hapo napinga kidogo. Wawili wanawezekana: udongo asubuhi mikono ikiwa na nguvu, mhunzi jioni. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukitaka kununua, nunua kwa aliyekufundisha.

Asali_Mbichi: Nimewapigia. Joko linafunguliwa Alhamisi, mimi nilipanga Jumanne. Nimeshahamisha safari.