Stripa (samaki striped bass) wa Lake Texoma baridi hii wamejificha wapi? Naombeni ushauri wakuu

MwanaMwanza_Dallas:
Wakuu habari zenu. Mimi nipo Dallas, kwetu Mwanza, sangara nimevua kwa mshipi toka mdogo so uvuvi sio mgeni kwangu. Shida ni huyu stripa wa Lake Texoma (ziwa la mpakani mwa Texas na Oklahoma), yule wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni. Kipindi cha joto nilikuwa nawapata vizuri tu, asubuhi unaona kabisa maji yanachemka wanafukuza visamaki juu juu, unarusha unavuta. Ila toka baridi ikaze Desemba hakuna kitu, narusha mpaka vidole vinakufa ganzi narudi mikono mitupu. Sina boti, navulia ukingoni upande wa Texas. Je, huyu samaki baridi anaacha kula au anahama? Na nitumie chambo gani? Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Denison:
Mkuu karibu. Stripa haachi kula, yeye baridi anaivumilia kuliko samaki wengi wa ziwani na hata wale wakubwa wakubwa hapa Texoma wengi wanavuliwa miezi hii hii ya Desemba mpaka Februari. Kinachobadilika ni chakula chake. Anakula shadi, visamaki vidogo vya fedha kama dagaa walionenepa, na hawa maji yakipoa wanashuka kwenye vina, kwenye mikondo ya zamani ya mto kabla bwawa halijajengwa (hilo bwawa la Denison lilikamilika 1944, chini kule mto bado una njia yake). Stripa anawafuata. Kwa hiyo wewe usitafute stripa, tafuta shadi. Angalia shakwe mkuu, wakiwa wanazunguka sehemu moja na kupiga mbizi, hapo chini kuna karamu. Hata wakiwa wametulia tu juu ya maji kwa kundi usiwapuuze, wanasubiri.

Kaka_Fort_Worth:
Nakazia hapo kwa mzee. Na speed bro, speed! Wengi tunavuta kama ni Julai. Maji sasa hivi yako nyuzi 40 na kitu Farenhaiti, samaki mwili umepoa hana haja ya kukimbiza kitu, so chambo kipite puani kwake taratibu. Mimi natumia kisamaki cha plastiki cheupe cha inchi 4, chenye kichwa kizito cha madini ya risasi cha nusu aunsi, narusha mbali naacha kizame mpaka kiguse chini ndo naanza kuzungusha rili polepole, mkia ucheze kidogo tu basi. Na usitegemee akugonge kama kipindi cha joto, baridi anashika kwa upole sana, unahisi mshipi umekuwa mzito kama umenasa jani. Ukihisi hivyo usisubiri, nyanyua fimbo.

NaviaUsiku:
Nampinga kidogo mzee, kwa mtu wa ukingoni vina vya katikati ya ziwa havimsaidii, hata akiwaona shakwe hawezi kuwafikia. Kaka nenda usiku. Giza likiingia stripa wanapanda maji mafupi kula, hasa kwenye rasi za mawe ambazo upepo unazipiga usoni, maana upepo unasukuma shadi mpaka ukingoni. Najua baridi yake sio ya kitoto ila ndipo samaki walipo. Simama upande unaopigwa na upepo hata kama unaumiza. Na usiende peke yako, mawe yanateleza na ukianguka kwenye maji yale mikono inaishiwa nguvu ndani ya dakika chache, vaa life jacket hata kama upo nchi kavu.

Mzee_wa_Denison:
Hapo kwa mvuaji wa ukingoni @NaviaUsiku uko sahihi, nakubali. Niongeze la leseni: ile leseni ya Texoma ya dola 12 inayokufunika pande zote mbili, Texas na Oklahoma, inaisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo Januari kanunue mpya. Ukivulia ukingoni ndani ya Eisenhower State Park (hifadhi ya jimbo la Texas pale ziwani) huhitaji leseni, unalipa kiingilio tu. Na limit ni samaki 10 kwa siku, kati yao wa inchi 20 kwenda juu wawili tu, usizidishe hata mmoja.

Mama_Ayaan:
Jamani na mimi niseme la jikoni. Ukishatoa minofu, ile nyama nyekundu iliyoambatana na upande wa ngozi ikate yote utupe, ndo yenye shombo. Ikibaki nyeupe tupu weka ndimu, chumvi, kitunguu saumu, kaanga kisha mpake na tui la nazi. Watoto wangu waliozaliwa huku wanamaliza.

MwanaMwanza_Dallas:
Aisee nashukuruni sana. Kumbe nilikuwa nasimama upande uliokingwa na upepo nikidhani ndo kuzuri. Swali la mwisho, pale chini ya bwawa la Denison vipi, nasikia kuna samaki?

Kaka_Fort_Worth:
Wapo, ila pale sheria zake sio sawa na za ziwani, zisome kwanza. Halafu wakifungulia maji bwawani ya kuzalisha umeme mto unapanda haraka sana, ukisikia king'ora acha kila kitu utoke. Ijumaa usiku mimi na jamaa tunaenda kwenye mawe, nicheki inbox twende wote.